Kaliba ya gobori kwa uwindaji

Kaliba ya gobori ni kipimo cha upana wa ndani wa mtutu wa gobori, yaani bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Katika uwindaji, kaliba huamua ukubwa wa risasi na kwa hiyo aina ya mnyama anayeweza kuuawa haraka. Risasi ndogo mno humjeruhi mnyama mkubwa, naye hukimbia na kufa mbali. Risasi kubwa mno huharibu nyama ya mnyama mdogo.

Vipimo

Nchini Marekani kaliba hutajwa kwa sehemu za inchi. Kaliba ya .50 ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Uingereza ilitumia pia mfumo wa kuhesabu risasi za duara zinazopatikana katika ratili moja ya risasi (madini). Bunduki ya namba 12 ina risasi 12 kwa ratili, na ya namba 4 ina risasi nne tu. Kwa hiyo namba ikipungua, mtutu huwa mpana zaidi: namba 12 ni takriban milimita 18.5, na namba 4 ni takriban milimita 26.7.

Kwa nini upana ni muhimu

Uzito wa risasi ya duara hufuata mchemraba wa kipenyo chake. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, uzito huongezeka mara nane. Risasi ya gobori la .32 ina uzito wa gramu 3 hivi, ya .45 gramu 8, ya .50 gramu 11.5 na ya .54 gramu 14.5.

Kuongeza baruti hakuwezi kuziba pengo hilo. Risasi ya duara hupoteza mwendo haraka hewani, na ile nyepesi hupoteza haraka zaidi. Kwa sababu hiyo wawindaji wengi wanaotumia risasi za duara humpiga kulungu akiwa chini ya mita 100.

Kaliba na wanyama

Huko Amerika ya Kaskazini, ambako uwindaji kwa gobori bado una misimu yake maalumu, mgawanyo wa kawaida ni huu:

- .32 na .36: kindi, sungura na wanyama wengine wadogo.
- .40 na .45: kulungu wadogo, kwa umbali mfupi.
- .50: kulungu kwa jumla. Ndiyo kaliba inayotumika zaidi leo.
- .54: wapiti, musi na dubu.
- .58 na zaidi: wanyama wakubwa, hasa kwa risasi ya duara.

Baadhi ya majimbo yameweka kiwango cha chini kisheria. Colorado inadai angalau .40 kwa kulungu na dubu, na .50 kwa wapiti na musi.

Umbo la risasi

Kaliba peke yake haitoshi. Risasi ndefu yenye ncha ni nzito kuliko ya duara ya kaliba ileile, hivyo gobori la .50 lenye risasi ndefu linaweza kumwangusha wapiti. Risasi ya aina hiyo ilienea baada ya kazi ya Mfaransa Claude-Étienne Minié katika miaka ya 1840.

Mifereji ya ndani ya mtutu lazima ilingane na risasi. Risasi ya duara hutulia katika mifereji inayojizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa mita 1.5 au zaidi. Risasi ndefu huhitaji mzunguko wa haraka, takriban mmoja kwa sentimita 70.

Historia

Bunduki ndefu za Pennsylvania za karne ya 18 zilikuwa na kaliba ndogo kiasi, kwa kuwa baruti na risasi zilikuwa ghali na wanyama wa misituni walikuwa wa wastani. Msafara wa Lewis na Clark (1804–1806) ulipokutana na dubu aina ya grizli, ulishuhudia wakiendelea kushambulia baada ya kupigwa risasi kadhaa. Baadaye ndugu Jacob na Samuel Hawken wa St. Louis walijulikana kwa bunduki za nyanda za magharibi, nyingi zikiwa za .50 hadi .54.

Barani Afrika tembo walidai zaidi. Frederick Selous, aliyefika Afrika Kusini mwaka 1871, aliwinda tembo kwa magobori ya namba 4 yaliyorusha risasi ya robo ratili. Yalipiga teke vikali mno hata akajutia kuyatumia, akisema yaliharibu ulengaji wake. Aliuawa vitani Beho Beho, katika Tanzania ya leo, mwaka 1917.

Katika Afrika ya Mashariki magobori yalienea karne ya 19 pamoja na biashara ya pembe za ndovu kupitia Zanzibar. Leo uwindaji Tanzania unahitaji kibali, na Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977.

Usalama

Gobori hutumia baruti nyeusi au mbadala wake uliotengenezwa kwa ajili hiyo. Baruti ya kisasa isiyo na moshi huzalisha shinikizo kubwa na inaweza kupasua mtutu wa gobori la kawaida. Risasi isiyoshindiliwa hadi ikagusa baruti nayo ni hatari, kwani nafasi iliyobaki katikati inaweza kusababisha mtutu kupasuka.