Mrabaha Uliomleta Mnunuzi

Januari 2017 iliiwia ngumu Qualcomm, kampuni ya San Diego, California, ambayo sehemu kubwa ya faida yake ilitokana na mrabaha wa hataza za mawasiliano ya simu. Tarehe 17 serikali ya Marekani iliishtaki kwa kubana ushindani. Siku tatu baadaye Apple nayo ikafungua kesi, ikidai takriban dola bilioni 1.

Ugomvi ulihusu namna ya kupiga hesabu. Qualcomm ilitoza asilimia ya bei ya simu nzima, si ya chipu peke yake. Apple ikahoji: simu ikiwekewa kamera bora, Qualcomm imechangia nini hata iongezewe malipo? Viwanda vinavyoiundia Apple simu vikaacha kulipa mrabaha, na hisa ya Qualcomm, iliyoanza mwaka ikiuzwa zaidi ya dola 60, kufikia mapema Novemba ilikuwa karibu dola 55.

Unafuu huo wa bei ndio uliomvuta Hock Tan, mkuu wa kampuni ya chipu ya Broadcom. Tarehe 6 Novemba alitangaza kuinunua Qualcomm kwa dola 70 kwa kila hisa, jumla ya zaidi ya dola bilioni 100. Bodi ya Qualcomm ikakataa, ikisema ofa hiyo inaipunja kampuni. Februari 2018 Tan akapandisha hadi dola 82, kisha akashuka hadi 79, lakini sokoni hisa ilizungukia dola 65 tu.

Pengo hilo lastahili kutazamwa kwa makini. Aliyenunua kwa 65 akingojea 79 alikuwa akibashiri kwamba serikali ingeruhusu ununuzi. Aliyeiunga mkono bodi alibashiri kwamba Apple ingelipa siku moja. Kwa maoni yangu, wa pili ndiye aliyeielewa biashara yenyewe.

Tarehe 12 Machi Rais Trump aliupiga marufuku ununuzi huo kwa hoja ya usalama wa taifa. Kesi ya mrabaha ikaendelea.

Tarehe 16 Aprili 2019, mawakili wakiwa bado wanatoa hoja za ufunguzi mahakamani San Diego, habari zikatoka kwamba pande mbili zimepatana: Apple ingelipa, na kuchukua leseni ya miaka 6. Hisa ya Qualcomm ilipanda asilimia 23 siku hiyo. Kesho yake ilifunga kwa dola 79 na senti chache, ile bei ya mwisho ya Tan, bila kampuni kuuzwa.