Barua ya Kuomba Michango: Hukumu Zake, Adabu Zake na Namna ya Kuiandika

Sifa zote njema ni za Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Maswahaba zake wote.

Amma ba'd:

Kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani, makatibu wa misikiti, madrasa na vituo vya mayatima huketi kuandika barua za kuomba michango. Baadhi hupelekwa posta, baadhi hukabidhiwa mkononi madukani na maofisini, na nyingine huvuka bahari kwa ndugu zetu walioko Oman, Uingereza na Marekani. Nyingi huandikwa kwa nia njema, lakini hunakiliwa tu kutoka barua ya mwaka uliopita. Tarehe hubadilishwa, kiasi huongezwa, ikapigwa muhuri.

Jambo ambalo ndugu wengi hawalizingatii ni kwamba barua ya mchango ni ahadi. Mtoaji aliye mbali hajaliona paa la madrasa yenu wala hawajui watoto wenu. Anatoa kwa sababu ya maneno aliyoyasoma. Kwa hiyo maneno yale ndiyo yanayoifunga mali ile. Kamati ni wakili wake, na wakili hana ruhusa ya kuvuka alichowakilishwa. Ndio maana tumeona tuweke hapa muhtasari wa hukumu na adabu za barua hizi, pamoja na mfano wake.

1. Je, inafaa kuwaombea watu kwa barua?

Inafaa, na asili yake ipo katika Sunnah. Katika Hadithi ya Jarir bin 'Abdillah (Radhiya Allahu 'anhu) iliyopokewa na Muslim, walifika Madina watu wa kabila la Mudar wakiwa miguu mitupu, nguo zao duni. Uso wa Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ulibadilika kwa kuona ufukara wao. Akamwamrisha Bilal aadhini, akaswalisha, kisha akahutubu na kuwahimiza watu watoe: mwenye dinari, mwenye dirhamu, mwenye nguo, mwenye pishi ya ngano au ya tende, hata mwenye nusu ya tende. Mtu mmoja katika Answari akaja na mfuko ambao mkono wake ulikaribia kushindwa kuubeba, watu wakafuatia, mpaka yakaonekana mafungu mawili ya chakula na nguo.

Tupate humo mafunzo matatu. Haja ilikuwa ya kweli na ilionekana. Walioomba hawakuachwa wajidhalilishe mmoja mmoja, bali kiongozi aliwasemea. Na kila mtu alitajiwa kiwango anachokiweza, kwani haba na haba hujaza kibaba.

Hadithi nyingine ya Muslim, ya Qabisa bin Mukhariq (Radhiya Allahu 'anhu), inaweka mipaka. Kuomba kumehalalishwa kwa watu watatu: aliyebeba dhamana ya kusuluhisha watu, aliyepatwa na janga lililoangamiza mali yake, na aliyefikwa na ufukara ambao watu watatu wenye akili katika jamaa zake wanaushuhudia. Kwa kila mmoja wametajiwa mpaka: anaomba hadi haja yake itimie. Hadithi hii inahusu mtu anayejiombea mwenyewe, lakini kamati nayo ina la kujifunza: haja ithibitishwe, na maombi yawe na kikomo. Barua isiyosema kinachohitajika ni kiasi gani ni barua isiyo na mwisho.

2. Kwanza jua unaomba fungu gani

Hapa ndipo penye makosa mengi. Utaona barua imeandika: "Tunapokea zaka, sadaka, nadhiri, kafara na chochote utakachojaaliwa," na zote zikaingia katika akaunti moja. Kila mali kati ya hizo ina hukumu yake.

Zaka: Allah ameitajia watu wanane katika Suratut-Tawbah, aya ya 60. Kwa kauli ya wanachuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu manne, Zaka haijengi msikiti wala haiezeki madrasa. Wako baadhi ya wanachuoni wa zama hizi waliopanua maana ya fungu la "fii sabiili-Llah", lakini asiwekewe mtoaji rai hiyo bila ya yeye kujua. Ikiwa barua ni ya jengo, iseme wazi kuwa inaomba sadaka.

Zakatul-Fitri: hii ni chakula cha maskini, nayo hutolewa kabla ya Swala ya Idi. Isichanganywe na mchango wowote.

Sadaka ya kawaida: hii ina wasaa zaidi, lakini ikitolewa kwa jambo maalumu lililotajwa, hutumika kwa jambo hilo.

Wakfu: hapa asili ya mali huzuiwa na manufaa yake ndiyo yanayotolewa, kama alivyofanya 'Umar (Radhiya Allahu 'anhu) katika ardhi yake ya Khaybar kwa ushauri wa Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam). Ukiomba wakfu wa duka au shamba, usije ukaliuza mwaka wa pili kulipa madeni.

Nadhiri na kafara: kila moja ina masharti yake. Anayetaka kutoa hizo aambiwe awasiliane na kamati kwanza.

3. Mpangilio wa barua

Tazama barua ya Nabii Sulayman ('alayhis-salaam) kwa malkia wa Sabaa, iliyotajwa katika Suratun-Naml, aya ya 30 na 31. Inataja imetoka kwa nani, inaanza kwa jina la Allah, kisha inasema inachotaka. Barua ya Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) kwa Hiraqli, mfalme wa Warumi, nayo ilianza kwa Bismillah, ikamtaja mwenye kuandika, kisha ikamtaja mwandikiwa kwa cheo chake kwa watu wake. Na alipoambiwa kuwa wafalme hawasomi barua isiyo na muhuri, alijifanyia pete ya fedha yenye nakshi ya kuitia muhuri.

Kwa hiyo barua yako iwe na mambo haya:

Kwanza, jina la taasisi, anwani na namba ya usajili. Kwa Tanzania Bara, wadhamini wa misikiti na madrasa husajiliwa RITA. Mtoaji ana haki ya kujua anamwamini nani.

Pili, jina la mwandikiwa. Usiandike "Kwa yeyote anayehusika." Andika Al-Haji fulani, Bi. fulani, Shekhe fulani, kwa namna anavyoitwa na watu wake.

Tatu, haja yenyewe kwa maneno machache. Sema kilichotokea, kwa nani na tangu lini. Aya moja au Hadithi moja sahihi inatosha. Barua iliyojaa aya kurasa mbili, na haja ikatajwa mstari wa mwisho, humchosha msomaji, na huenda karatasi ile ikaishia kutupwa.

Nne, hesabu: gharama yote, kilichopo mkononi na kilichobaki. Usifiche kilichopo ili haja ionekane kubwa, kwani huo ni udanganyifu.

Tano, viwango, ili mwenye kidogo asione haya na mwenye kingi ajue pa kuanzia.

Sita, njia ya kutuma: akaunti kwa jina la taasisi, yenye watia saini wasiopungua wawili. Michango isitumwe kwenye simu ya ustadhi binafsi hata akiwa mwaminifu. Akifariki leo, pesa za madrasa zitaonekana kuwa ni mirathi yake, na watoto wake wataingia katika mzozo usiowahusu.

Saba, kitakachofanyika kikizidi au kikipungua. Jambo hili husahauliwa sana, na ndilo linalozua migogoro.

4. Mfano wa barua

Tuseme upepo umeng'oa paa la madrasa. Kiasi kilichotajwa hapa ni cha mfano tu.

Bismillahir-Rahmanir-Rahim
Kamati ya Madrasa (jina), S.L.P. (namba), (mji)
Namba ya usajili: (namba)
Tarehe: (Hijria na Miladia)

Al-Haji (jina),
Assalaamu 'alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

YAH: OMBI LA SADAKA YA KUEZEKA PAA LA MADRASA

Mwezi uliopita upepo uling'oa paa la madrasa yetu. Watoto 85 wanasoma chini ya mwembe, na mvua ikinyesha hurudi nyumbani.

Kuezeka upya kunahitaji mabati 120 kwa shilingi 32,000 kila moja, sawa na 3,840,000. Mbao na misumari 1,900,000. Na ujira wa fundi 900,000. Jumla ni shilingi 6,640,000. Wazazi wameshachanga 2,240,000. Tumebakiwa na 4,400,000.

Tunakuomba utusaidie kwa unachokiweza: bati moja ni shilingi 32,000, mabati kumi ni 320,000, na chini ya hapo pia tunapokea kwa shukrani.

Tunaomba sadaka tu. Zaka yako tafadhali wapelekee wanaoistahiki. Kikizidi, kitanunua mikeka na misahafu ya madrasa hii. Kisipotimia, tutaezeka vyumba tutakavyoweza na kukujulisha.

Mchango utumwe akaunti namba (namba), kwa jina la Madrasa. Utapewa risiti, na baada ya kazi utaletewa hesabu.

Allah akubarikie katika mali yako na watu wako. Kama hutaweza, tunaomba dua yako.

Wabillahi Tawfiq,
(Saini za Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina, pamoja na muhuri)

5. Yasiyofaa kuandikwa

Usitishe watu. Wazee wetu wanaukumbuka "wasia wa Shekhe Ahmad", ule uliozungushwa kwa madai ya ndoto ya mlinzi wa kaburi la Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), ukimwahidi utajiri mwenye kuunakili na msiba mwenye kuupuuza. Shekhe 'Abdul-'Aziz bin Baz (Rahimahu-Llah) aliandika kuukanusha na kuonya kuwa ni uzushi. Barua ya mchango isifanane na huo.

Usimwahidi mtoaji jambo la ghaibu ambalo halikuthibiti, kama vile kusema kuwa akitoa kiasi fulani biashara yake itafunguka kabla ya Idi. Wala usitumie Hadithi usiyojua usahihi wake kwa hoja kwamba lengo ni jema.

Usiwavunjie heshima wanaosaidiwa. Katika Suratul-Baqarah, aya ya 273, Allah amewasifu mafukara wanaojizuia, hata asiyewajua akawadhani ni matajiri. Kuchapisha picha ya yatima mwenye nguo iliyochanika, pamoja na jina lake na la marehemu baba yake, ni kumvua sitara ambayo Allah amempa. Kesho atakuwa kijana, na picha ile bado itakuwepo.

6. Orodha ya majina

Majina, anwani na namba za simu za watoaji ni amana. Zisigawiwe kwa taasisi nyingine, wala zisitumike kwa biashara au siasa. Sheria za nchi pia zinahusika: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Anayeomba jina lake liondolewe, liondolewe bila kinyongo. Na asiyependa jina lake lisomwe msikitini, lisisomwe. Katika Suratul-Baqarah, aya ya 271, Allah ameusifu utoaji wa siri.

7. Baada ya mchango kufika

Toa risiti, hata kwa kilicho kidogo. Kisha mwombee dua mtoaji. Katika Suratut-Tawbah, aya ya 103, Allah amemwamrisha Mtume wake awaombee wanaotoa, na imepokewa na al-Bukhari na Muslim kuwa aliiombea familia ya Abu Awfa walipoleta sadaka yao. Barua ya shukrani isiambatane na ombi jipya. Mwache ndugu apumue.

Anayetembeza barua akilipwa, ujira wake uwe unaojulikana tokea mwanzo na umeidhinishwa na kamati. Asijikatie humo, wala asipokee "zawadi yake" pembeni. Ibnul-Lutbiyyah alipotumwa kukusanya Zaka kisha akasema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa, Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alimkemea juu ya mimbari, akiuliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama angeletewa zawadi hiyo.

Hesabu ikikamilika, wapelekee watoaji ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Ikiwa kimebaki na barua haikusema kifanyiwe nini, wanaojulikana waulizwe. Wasiopatikana, fungu lao litumike katika jambo linalofanana zaidi na lile walilolitolea. Kubadilisha kimya kimya, kwa mfano kulipia gari la kamati kwa pesa za paa, ni khiyana hata kama gari lile lina manufaa.

Khitimisho

Kabla ya kupiga muhuri, wanakamati watatu waisome barua kwa sauti, na kila mmoja ajiulize: kila neno humu, naweza kulijibu mbele ya aliyetoa bati moja na mbele ya Allah? Neno lisilojibika lifutwe. Huenda barua ikawa fupi na makusanyo ya mwaka huu yakapungua. Lakini mwaka ujao bahasha yenu itafunguliwa kwa imani, na hilo ndilo linaloiweka taasisi.

Tunamuomba Allah awajaalie wanaoomba kwa ajili ya dini yake ukweli, na wanaotoa ikhlasi.

Na Allah anajua zaidi.