Nyundo na kitabu: karne ya elimu ya ufundi kusini mwa Nyanza

Mwaka 1908, miaka miwili tu baada ya wamishonari Waanglikana wa CMS kufungua shule Maseno, wanafunzi waligoma. Walikuwa wakifundishwa useremala, ufyatuaji wa matofali na kazi nyingine za mikono, huku masomo ya kitabu yakipewa nafasi finyu. Vijana wale walidai wapunguziwe kazi hizo, wasome zaidi.

Ni rahisi kuuona mgomo ule kama kiburi cha vijana walioonja kalamu wakalidharau jembe. Lakini tutazame hali yao. Katika koloni lile, aliyejua kusoma na kuandika aliweza kuwa karani, mwalimu au mkalimani, akasikika mbele ya serikali. Aliyejua randa peke yake alibaki kungojea amri ya mwenye kazi. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kupima uzito wa kila kimoja. Miaka 13 baadaye, wasomi waliotoka Maseno, wakiwemo Jonathan Okwiri na Benjamin Owuor Gumbe, waliongoza chama cha Young Kavirondo Association, na miongoni mwa madai yao palikuwa na shule ya serikali.

Swali la vijana wale, la uzito wa kitabu na wa kazi ya mikono, lingali hai katika shule za Migori na Homa Bay, hasa muhula unapokwisha na wazazi kuitwa kusikia watoto wao wamefaulu nini. Aliyeandika insha nzuri anajulikana kwa alama zake. Je, aliyeunganisha nyaya za umeme za darasa zima, au aliyechonga kiti kisichoyumba, mafanikio yake yanaandikwa wapi?

Mafundi kabla ya shule

Kusini mwa Nyanza hakukungoja mmishonari ili kujue ufundi. Kaskazini magharibi mwa mji wa Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na wataalamu wanakadiria kuwa zilijengwa karne ya 16. Zina safu ya nje na safu ya ndani, na katikati mawe ya kuzishikanisha. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Ukuta wa namna hiyo hausimami karne nyingi kwa bahati. Kila jiwe lilichaguliwa na mtu aliyejua litakaaje juu ya mwenzake, na mtu huyo alifundishwa na aliyemtangulia. Wahunzi waliofua majembe na mikuki, na mafundi wa mashua waliofanya kazi kando ya ziwa, nao walirithishana ujuzi kwa njia hiyo hiyo: mwanagenzi alikaa karibu na fundi, akatazama, akajaribu, akasahihishwa.

Shule ilipofika, kuna mahali ambapo mikono na kitabu vilikutana mapema. Mwaka 1906, Arthur Carscallen wa kanisa la Waadventista Wasabato, pamoja na mwenzake Peter Nyambo kutoka nchi tunayoiita leo Malawi, walifika Gendia karibu na Kendu Bay, katika kaunti ya sasa ya Homa Bay. Misheni hiyo ikaweka mtambo wa kuchapisha, na hapo ndipo ilipokulia nyumba ya uchapishaji ya Africa Herald. Kijana aliyepanga herufi za chuma moja moja kwa ajili ya kitabu cha Kijaluo alilazimika kuwa msomaji makini kuliko karani wa ofisini, maana herufi moja ikikosewa kosa hilo lilichapwa katika kila nakala. Kwa fundi yule hapakuwa na vita kati ya kusoma na kufanya kazi.

Elimu iliyowekewa dari

Serikali ya kikoloni haikufuata mfano huo. Mwaka 1909, J. Nelson Fraser, aliyeletwa kutoka India kuishauri serikali kuhusu elimu, alipendekeza Waafrika wafundishwe kazi za ufundi kwanza. Mwaka 1924 kukafunguliwa Kabete kituo cha kuwafunza Waafrika useremala, uashi na uhunzi, kilichojulikana kwa kifupi kama NITD. Ndicho leo Kabete National Polytechnic. Mwaka huo huo tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki. Ilikuja na fikra zilizotoka Hampton na Tuskegee, vyuo vya watu weusi kusini mwa Marekani, kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na kilimo, afya na kazi za mikono kijijini. Mwaka 1925 Jeanes School ikaanzishwa Kabete ili kuwafunza walimu wa aina hiyo.

Ujuzi wenyewe ulikuwa wa kweli, na waliopita Kabete walijenga majengo mengi ya nchi hii. Ubaya ulikuwa katika ubaguzi. Mtoto wa Mzungu alisoma ili afike chuo kikuu, mtoto wa Mwafrika akapewa randa ili asifike. Wazazi waliliona jambo hilo, na tangu hapo neno ufundi likabeba doa ambalo halikulistahili.

Hata hivyo, ushahidi kwamba kijana wa fani anaweza kufika mbali ulitoka huku huku kwetu. Tom Mboya, ambaye ukoo wake ni wa Kisiwa cha Rusinga, hakupata karo ya kumaliza masomo ya juu ya sekondari. Mwaka 1948 akaingia Jeanes School kusomea ukaguzi wa afya, akahitimu mwaka 1950 na kuajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Kutoka katika kazi hiyo aliingia vyama vya wafanyakazi, kisha siasa, na mwaka 1959 alikuwa mstari wa mbele kupanga safari ya ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 kusoma Marekani. Cheti cha fani kilimpa mshahara na nafasi ya kuwajua wafanyakazi. Kusoma kwake kwa bidii kukamfungulia yaliyobaki.

Uhuru, matumaini na kurudi nyuma

Baada ya uhuru, Kenya ilijaribu kuondoa doa lile. Shule za kazi zilizoanzishwa kufuatia Vita vya Pili vya Dunia, zikiwemo za Thika na Sigalagala, zilipandishwa zikawa shule za sekondari za ufundi sawa na Kabete. Mwanafunzi alisoma hesabu, sayansi na Kiingereza, na pamoja na hayo akajifunza uashi, umeme au ufundi wa magari. Sweden, kupitia shirika lake la SIDA, ilisaidia kujenga karakana katika shule za sekondari za kawaida. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa, NCCK, lilitoa ripoti juu ya vijana waliomaliza darasa la saba bila pa kwenda, na kutokana nayo zikazaliwa polytechnic za vijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wananchi wa Nyanza walichanga harambee kuanzisha taasisi ya Ramogi huko Kisumu. Watu waliokataa ufundi wa mkoloni walitoa pesa zao mfukoni kuujenga wao wenyewe.

Majirani zetu walikuwa na safari yao. Huko Tanzania, Ifunda palikuwa kambi ya wakimbizi wa Poland wakati wa vita, kisha pakawa shule ya ufundi. Shule za Moshi, Tanga, Mtwara na Musoma zilipata jina kwa kazi hiyo hiyo, na ile ya Musoma iko kando ya ziwa letu hili, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori. Tanzania ilizihifadhi kama shule za sekondari.

Kenya ilichukua njia nyingine. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, masomo ya ufundi yalitakiwa yafundishwe kila mahali, na katikati ya muongo huo shule za sekondari za ufundi zikageuzwa kuwa taasisi za mafunzo kwa waliomaliza kidato cha nne. Nia ilikuwa njema, mzigo ukawaangukia wazazi. Waliambiwa wajenge karakana kwa harambee, na katika shule nyingi majengo yaliishia kwenye linta, au yakakamilika yakakosa vifaa na walimu. Ripoti ya tume ya Davy Koech ya mwaka 1999 ilikiri kwamba mtaala ulikuwa umelemewa. Masomo yalipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, yale ya karakana yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuachwa, kwa kuwa ndiyo yenye gharama kubwa.

Kinachohesabiwa muhula ukiisha

Kwa hiyo, siku ya kufunga shule ikawa siku ya nambari. Mwalimu mkuu anasoma wastani wa shule, anautaja wa muhula uliopita, anawaita watatu bora wa kila kidato. Kwa miaka mingi magazeti nayo yalipanga shule za nchi nzima kwa nafasi, hadi Waziri wa Elimu Jacob Kaimenyi alipopiga marufuku upangaji huo mwaka 2014. Marufuku hayo hayakubadilisha mazoea ya shuleni. Nafasi bado ndiyo habari ya kwanza ambayo mtoto hupeleka nyumbani.

Lakini mafanikio mengine yamekuwepo muda wote. Tamasha la muziki la Kenya lilianza mwaka 1927. Maonyesho ya sayansi na uhandisi huwapa vijana nafasi ya kusimama mbele ya waamuzi na kueleza mtambo walioubuni. Viwanja vya michezo vimezitangaza shule za Homa Bay kama Agoro Sare kote nchini. Na katika mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, KCSE, kwenyewe, masomo kama useremala, ufundi wa chuma na kompyuta humpa mtahiniwa sehemu ya alama kwa kazi aliyoifanya. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi: kuchora, kupima, kukata, kugundua kwamba kipimo kimepotoka na kuanza upya. Hakuna mtihani unaofunua tabia ya mwanafunzi kuliko huo, na bado, siku ya kufunga, wazazi wachache sana huonyeshwa kazi yenyewe.

Takwimu zinatuambia kwa nini tujali. Katika KCSE ya mwaka 2024, watahiniwa 962,512 walifanya mtihani, na 246,391 wakapata C+ kwenda juu, alama inayofungua mlango wa shahada. Zaidi ya 700,000 walibaki chini ya hapo. Shule inayotangaza tu majina ya wanaoelekea chuo kikuu imenyamaza kuhusu vijana watatu kati ya kila wanne.

Zamu ya Ogwedhi

Tuchukue mfano wa Ogwedhi, upande wa Migori unaopakana na Trans Mara. Ni soko ambamo Mjaluo na Mmaasai huuziana ng'ombe na nafaka, na Kiswahili hukamilisha mapatano. Katika soko kama hili ufundi hautafutwi kwa tochi: kinu cha kusagia mahindi kinahitaji mtu wa kukitengeneza, bodaboda inahitaji mekanika, nyumba zinazojengwa zinahitaji mwashi anayejua uwiano wa saruji na mchanga. Ukitoka nje kidogo, kiwanda cha sukari cha Sony huko Awendo kinahitaji mafundi wa mitambo, na wachimbaji dhahabu wanahitaji watu wanaojua kuzuia shimo lisiporomoke. Shimo likiporomoka, anayefukiwa ni mtoto wa mtu.

Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu chini ya mtaala mpya. Wana mikondo mitatu ya kuchagua, na ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati unabeba ndani yake masomo ya ufundi. Nchi inasema tena kwamba mtoto anaweza kushika nyundo na kitabu katika shule moja, kisha akaendelea hadi chuo anuwai au chuo kikuu.

Historia inatuonya kuhusu mambo mawili. La kwanza ni kuwaachia ufundi watoto walioshindwa tu. Tukifanya hivyo tutakuwa tumerudia mawazo ya Fraser kwa maneno mapya. Mkondo huu uwapokee pia wanaoongoza katika hesabu, maana mchoro wa mhandisi na mahesabu ya umeme havina huruma kwa asiyejua hesabu. La pili ni kutangaza karakana bila kuzijenga. Fedha za NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, zisijenge kuta tupu. Tume ya Huduma za Walimu itume walimu waliofunzwa umeme, chuma na mbao katika shule za mpakani kama inavyowatuma mijini. Bodi za shule zitenge pesa za mbao, nyaya na misumeno kila muhula, kama zinavyotenga za chaki na karatasi za mitihani.

Walimu wana la kufanya hata kabla pesa hazijafika. Ripoti ya muhula iwe na mahali pa kuandika kile mwanafunzi alichotengeneza, kilitumika wapi na ubora wake ukoje. Kazi hizo ziwekwe uani siku ya kufunga, mzazi azishike, aulize, na mtoto amweleze baba na mama alivyozitengeneza. Mzazi wa Ogwedhi amelipa karo kwa jasho, na ana haki ya kudai mtoto anayesoma vizuri na anayejua kazi, kutoka shule ileile, kwa karo ileile.