Simu Ilivyopata Kujua Mahali Ilipo

Mwezi wa Oktoba mwaka 1957, Warusi waliporusha setilaiti yao Sputnik, wataalamu wawili wa maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, William Guier na George Weiffenbach, waliusikiliza mlio wake redioni, wakabaini ya kuwa sauti ile hupanda chombo kikikaribia na hushuka kikienda zake, na kwamba kwa hesabu ya tofauti hiyo peke yake njia yake angani yaweza kujulikana. Mkubwa wao, Frank McClure, akaligeuza suala: ikiwa njia ya chombo yajulikana, je, msikilizaji naye hawezi kujua mahali alipo?

Katika rai hiyo ndimo zilimozaliwa setilaiti za kuongozea manowari, na baadaye, mwaka 1978, ile ya kwanza ya GPS, mfumo wa Marekani wa kutambua mahali. Setilaiti za GPS huzunguka kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja na saa yake ya atomiki, zikitangaza wakati na khabari za njia yao. Khabari hizo huja polepole mno, kiasi cha sekunde 30 kwa duru moja, na ukipita chini ya mwembe zikakatika, huna budi kungoja tena. Isitoshe, Wamarekani kwa kuhofia maadui walizitia kasoro kusudi alama za redio walizowaachia raia, hata mtu akaweza kukosea mita 100. Udhia huo uliondoshwa Mei mwaka 2000, kwa amri ya Rais Clinton.

Wengi huilaumu simu inapochelewa au kukosea mahali, nayo aghalabu yadhulumiwa. Simu ya leo huletewa khabari za setilaiti kwa intaneti, ikasalimika na kungoja. Ukiizima intaneti itapajua mahali ilipo vile vile, ila kwa kuchelewa, hasa ikiwa ilizimwa siku kadhaa au imesafirishwa mbali, kwa kuwa khabari ilizohifadhi huchakaa kwa saa chache.

Adui aliyesalia ni ukuta. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar alama hugonga mawe kabla ya kuifikia simu, nayo ikakuweka mtaa wa pili. Mwaka 2018 simu ya Xiaomi Mi 8 ilikuja na uwezo wa kupokea masafa mawili ya setilaiti, ikapata kuupambanua vizuri zaidi mwangwi na alama iliyonyooka. Asiye na simu ya namna hiyo na atoke hadi Forodhani, penye mbingu wazi, asimame kidogo, kisha ndipo aifungue ramani.