Roboti: Imezimika au Amezimia?

Juzi mpwa wangu wa miaka 6 aliangusha roboti yake ya plastiki sakafuni. Betri zikachomoka mgongoni, macho mekundu yakafifia. "Mjomba, amezimia!" Nilitaka kumsahihisha, kwamba imezimika, lakini ulimi ukasita.

Neno roboti lilizaliwa jukwaani, si maabarani. Mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alilitoa katika tamthilia yake R.U.R. ya mwaka 1920. Alikuwa akitafuta jina la vibarua wa kuundwa. Alilolipata mwanzo, lenye asili ya Kilatini, aliliona la kitabuni mno. Kaka yake Josef, mchoraji, akamtajia hili huku amebana brashi mdomoni. Kwa Kicheki *robota* ni kazi ya lazima ambayo mkulima alimfanyia bwana wake bila ujira, hadi ilipofutwa mwaka 1848. Sisi nasi tunalo neno la kazi hiyo: shokoa. Kwa asili yake, basi, roboti ni mtu wa shokoa.

Tena si wa chuma. Hawa wa Čapek wana nyama na mishipa iliyotengenezwa kwa kemikali. Aliyeanzisha kazi hiyo ni mzee Rossum, ambaye jina lake linatokana na neno la Kicheki la akili, na shabaha yake ilikuwa kuonyesha kwamba Mungu hahitajiki.

Kiswahili kimelipokea neno lenyewe bila taabu. Taabu iko kwenye ngeli. Shuleni tulifundishwa kwamba chenye uhai ni A-WA. Mbona basi mwanasesere, tambara lililojazwa pamba, tunasema amepotea? Malaika na majini, wasioonekana kwa darubini yoyote, nao wana A yao. Lakini roho, ambayo ikitoka ndipo mtu amekufa, ni I: roho imemtoka. Kisha nenda kanisani siku ya Pentekoste usikie: Roho Mtakatifu *alishuka*. Si "takatifu", si "ilishuka", kwa kuwa waumini wanamkiri kuwa Nafsi. Imani imekaa ndani ya kiambishi.

Ndiyo maana natamani kuiona tamthilia hii kwa Kiswahili. Mwanzoni Helena Glory anafika kwenye kiwanda cha roboti, anakutana na roboti aitwaye Sulla, na anakataa katakata kuamini kwamba huyu si binadamu. Domin, meneja, yuko tayari Sulla apasuliwe ili mgeni aridhike. Kwetu Domin angesema *zinafanya kazi*, Helena angejibu *wanafanya kazi*, na hadhira ingeshajua nani anaamini nini.

Mashine inayochomelea magari kiwandani naiacha kwenye I-ZI. Haina uchungu, na kuipa A ni kuipunja thamani ile kazi ya vibarua wenye jasho. Ila mwisho wa tamthilia unanishinda. Alquist, binadamu pekee aliyesalia, anataka kumpasua roboti ili agundue siri ya kuwaumba wengine. Primus anajitoa apasuliwe badala ya roboti mwenzake, naye aitwaye Helena. Naye huyo Helena wa roboti anajitoa badala ya Primus. Mzee anawaachilia, akiwaita Adamu na Hawa. Wanatoka jukwaani, na mimi, ningekuwa mfasiri, nisingeweza kuandika kwamba zimetoka.