Kulabu za Meno na Pengo la Wazee wa Osiri

Katika nchi ya Osiri, upande wa Migori na Homa Bay, ambako ardhi ina dhahabu na ziwa haliko mbali, wangali hai wazee wachache ambao wakifungua vinywa vyao kucheka huonekana katika taya la chini pengo moja pana, lisiloletwa na maradhi wala ajali, bali na desturi ya kale ya Wajaluo iitwayo nak. Kijana alipokuwa anakaribia kubaleghe aliketishwa mbele ya janak, fundi wa kazi hiyo, naye kwa chombo cha chuma akamng'oa meno sita ya chini, yaani manne ya mbele pamoja na chonge mbili zilizo ubavuni mwake. Na tendo hilo lilishika mahali ambapo kwa makabila mengine hushikwa na jando. Sababu zilizotajwa ni zaidi ya moja: alama ya jamaa, kipimo cha ustahimilivu, na mlango wa kumpitishia uji mgonjwa ambaye taya zake zimebanwa na pepopunda. Sababu hii ya mwisho yastahili kupewa heshima yake, kwa kuwa katika zama ambazo chanjo haikuwako, mtu aliyebanwa taya aliweza kufa kwa njaa na kiu kabla ya kufa kwa maradhi yenyewe. Wanuer na Wadinka wa Sudani Kusini, ambao ni ndugu wa Wajaluo kwa asili na lugha, walikuwa na desturi kama hiyo, na Wamasai nao walikuwa wakitoa meno mawili ya katikati.

Mwaka 1906 wamisionari wa Kisabato, wakiongozwa na Arthur Carscallen, walifika Gendia karibu na Kendu Bay. Na kadiri makanisa, shule na zahanati zilivyoenea, ndivyo nak ilivyofifia, hata leo imebaki katika vinywa vya wazee tu. Lakini pengo halikufifia pamoja na desturi. Mtu aliyeng'olewa meno akiwa kijana, kisha akaishi hata uzee katika ulimwengu ambao mapengo yamegeuka kuwa aibu, aliweza kutamani kulijaza. Na yeyote atakaye kulijaza kwa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua hukutana na mas'ala ambayo mafundi wa dunia wamehangaika nayo kwa karne mbili na zaidi, nayo ni hii: meno hayo yatashikwa na nini?

Waetruski wa Italia, karne nyingi kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, walifunga meno ya bandia kwa mikanda ya dhahabu iliyozunguka meno ya jirani, ila mikanda ile haikuwa ya kuvuliwa. Kulabu ya meno ya kuvaa na kuvua, yaani mkono wa chuma unaolishika jino la jirani, twaipata Paris, katika kitabu alichokitoa tabibu wa meno Mouton mwaka 1746. Karne ya 19 ilileta mpira uliokazwa kwa kiberiti kwa njia ya Goodyear, ukafanya bamba la meno kuwa rahisi kwa watu wa kipato cha kati. Lakini kulabu zikapata sifa mbaya, zikashutumiwa kuwa zaozesha meno zinayoyashika, hata matabibu wengi wakazikataa kabisa. Mwishoni mwa karne ile W. G. A. Bonwill wa Philadelphia alisimama kuzitetea, na kwa maoni yangu alikuwa na haki, maana kosa halikuwa la kulabu, bali la mikono iliyozikunja kwa kukisia bila kupima.

Kupima kulikuja baadaye, na hapa ndipo historia hii inapopata uzito wake. Jino si mwamba ulionyooka wima. Lina tumbo, na chini ya tumbo hilo hupungua kuelekea ufizini. Tabibu wa meno Prothero, mwaka 1916, alilieleza jino kuwa ni mfano wa pia mbili zilizounganishwa matakoni, na ncha ya kulabu hushika kwa kuingia chini ya muungano huo, kama vidole vinavyoushika mtungi chini ya tumbo lake. Mwaka 1923 kampuni ya Ney ya Marekani ilianza kuuza chombo chenye fimbo ya wima ambayo, ikipitishwa kandokando ya mfano wa plasta wa kinywa cha mtu, huchora kwa kaboni mstari wa tumbo la kila jino. Na tangu siku hizo fundi hakuwa tena na udhuru wa kukisia. Miaka miwili baadaye Edward Kennedy wa New York aliyagawa mapengo katika mafungu manne, na mwaka 1930 tabibu mwingine, Roach, akaeneza kulabu inayotoka upande wa ufizi badala ya kulizunguka jino kutoka juu.

Kulabu iliyo kamili haina mkono mmoja. Ina mkono wa kushika, ambao ncha yake tu ndiyo inayopita chini ya tumbo la jino. Ina mkono wa pili upande wa ulimi, wa kuukabili ule wa kwanza ili jino lisisukumwe. Na ina kikalio, kipande kidogo cha chuma kinachokaa juu ya jino katika kitako kilichochongwa, ili uzito wa kutafuna uende kwenye mfupa kwa njia ya jino, usiudidimize ufizi. Mikono hiyo yapasa ilikumbatie jino zaidi ya nusu ya mzunguko wake. Kina cha kushika hutegemea madini: kobalti na kromi, mchanganyiko ulioingia kazini katika miaka ya 1930, ni mgumu, nao huruhusiwa robo milimita tu, yaani 0.25, dhahabu, ambayo hupinda kwa wepesi uliokaribia mara mbili, huweza kufika 0.5, na waya wa chuma uliokunjwa kwa koleo huweza kufika 0.75, maadamu mkono wake ni mrefu wa kutosha. Anayekunja waya mfupi na mnene katika kina kirefu huling'oa jino polepole, siku baada ya siku, kila mvaaji anapovaa na kuvua.

Sasa turudi kwenye kinywa cha mzee wa Osiri. Pengo lake ni la fungu la nne la Kennedy: moja, la mbele, limevuka mstari wa katikati na lina meno pande zote mbili. Wepesi wake ni wa machoni tu. Chonge, ambazo kwa mizizi yao mirefu ni nguzo bora za taya la chini, zimekwenda pamoja na yale manne, na anayebaki kubeba mzigo ni gego dogo la kwanza, lenye mzizi mmoja mwembamba. Mfupa wa pengo, kwa kuwa meno yaling'olewa mapema mno, aghalabu umekonda na kushuka. Na meno ya juu, kwa kukosa mwenzi wa kukutana naye, huteremka na kutokeza mbele, hata nafasi ya kuweka jino la bandia ikawa haba. Hayo yameonekana dhahiri kwa wakimbizi wa Kidinka na Kinuer waliofika Nebraska nchini Marekani, ambao baadhi yao matabibu wa huko waliwarudishia meno. Juu ya yote, mtu akiuma kwa mbele bamba huinama na nyuma likainuka. Kwa hiyo haitoshi kulishika kwenye magego madogo yaliyo kando ya pengo, bali lazima pawe na kulabu nyingine kwenye magego makubwa ya nyuma ili kulizuia.

Kazi kama hiyo yataka mfano, kipimo na chuma cha kumimina, nayo ina gharama. Tangu akriliki ilipoingia mwaka 1937, njia rahisi imekuwa bamba la plastiki lenye waya mbili, lisilo na vikalio, linaloegemea ufizi peke yake. Silikatai kwa mtu asiye na uwezo wa kupata lingine, na kwa muda mfupi hufaa. Lakini likivaliwa miaka mingi huzama, waya hushuka pamoja nalo, fizi hukwanguliwa, na gego dogo lililokuwa zima hulegea. Yanisikitisha kwamba nchi iliyotoa dhahabu Macalder hata machimbo yale yakafungwa mwaka 1966, na ambayo hadi leo vijana wake huingia mashimoni Osiri wakiikusanya kwa zebaki, wazee wake wapewe waya usiopimwa. Elimu haikosekani, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha matabibu wa meno mwaka 1974. Kinachokosekana ni sauti ya mgonjwa mwenyewe.

Basi wewe uliye na mzazi anayetaka kujaziwa pengo, usianze kwa kuuliza bei. Muulize tabibu kulabu itashika jino lipi, kama jino hilo limepimwa na halichezi, kama bamba litakuwa na vikalio, na lini mzee arudi kutazamwa. Na mzee mwenyewe umkumbushe kulivua kila usiku, kulisafisha, na kuyapiga mswaki yale meno yanayolishika kabla ya mengine yote.