Msesewe na Majina Yake: Historia ya Kutaja na Kuainisha Mimea ya Kilimanjaro

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya majina ya kisayansi ya mimea ya mlima Kilimanjaro. Mfano wake mkuu ni msesewe, mti ambao gome lake hutiwa katika pombe ya mbege. Hoja yake ni kwamba jina la kisayansi si tafsiri ya jina la Kiswahili wala la Kichaga, bali ni hati yenye historia ya kisheria, kisiasa na kiisimu, na kwamba mtunga kamusi anayelinukuu bila kuisoma historia hiyo hurithi mambo asiyoyakusudia.

1.0 Utangulizi

Mji wa Sanya Juu, makao makuu ya Wilaya ya Siha, umekaa mahali ambapo mteremko wa magharibi wa Kilimanjaro unashuka kuelekea uwanda ulio kati ya mlima huo na Meru. Hapo hukutana wasemaji wa Kisiha, Kimashami na Kimaa, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni na ofisini. Mti mmoja waweza kuwa na majina matatu au manne kabla mtu hajafika Londorossi, penye njia ya kupandia uwanda wa juu wa Shira.

Wanaisimu wameuzoea mlima huu kwa sababu ya lugha zake. Derek Nurse, katika uainishaji wake wa lahaja za Kichaga wa mwaka 1979, aliiweka Kisiha katika kundi la magharibi pamoja na Kimashami. Msomaji wa kazi ya namna hiyo anajua kwamba mpaka kati ya lugha na lahaja hauonekani ardhini. Ni uamuzi unaotegemea vigezo vilivyochaguliwa. Wasomi hao hao, wanapokutana na jina la Kilatini la mmea, aghalabu hulichukua kama jambo lililokwisha kukatwa. Historia ya mlima wenyewe haiungi mkono imani hiyo.

2.0 Msesewe

Msesewe ni mti wa kandokando ya mito na wa mashamba ya migomba, wenye utomvu mweupe kama maziwa. Wachaga hulichukua gome lake na kulitia katika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ili kuipa uchungu wake. Neno lenyewe limeingia katika Kiswahili cha Moshi bila taabu, kwa kuwa tayari lilikuwa na umbo la ngeli ya miti: msesewe, misesewe.

Kisayansi, mti huu ulifahamika kwa muda mrefu kama Rauvolfia caffra. Sehemu ya kwanza, jina la jenasi, inamkumbuka Leonhard Rauwolf, tabibu wa Kijerumani wa karne ya 16 aliyesafiri nchi za Mashariki ya Kati. Sehemu ya pili ilitolewa na Otto Wilhelm Sonder wa Hamburg mwaka 1850, kwa mimea iliyotoka Afrika Kusini. Kwa wanabotania wa wakati huo caffra lilikuwa jina la mahali: lilimaanisha kwamba mmea umetoka katika nchi ambazo Wazungu waliziita Kaffraria.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa asili ya neno hilo. Ni kafiri. Kiarabu kilikuwa na kāfir, yaani asiyeamini. Wareno waliofika katika bahari hizi walilikuta likitumiwa na wafanyabiashara Waislamu kwa watu wa bara, wakalifanya cafre. Kutoka kwao likapita kwa Waholanzi na Waingereza wa kusini, ambako liligeuka kuwa tusi baya la ubaguzi wa rangi. Kiswahili kimehifadhi maana ya kidini, na kwa hiyo mwanafunzi wa Sanya Juu anayeliona jina hilo kitabuni na kulihusisha na makafiri hakosei kietimolojia. Anachokosa ni maelezo ya namna neno la pwani lilivyozunguka hadi Rasi ya Tumaini Jema, likavalishwa Kilatini, kisha likarudi kupachikwa mti wa Mchaga.

Kuna jina jingine. Katika miaka ya 1890 Karl Schumann wa Berlin, aliyeshughulikia mimea ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, alichapisha Rauvolfia inebrians, yaani Rauvolfia 'inayolevya'. Jina hilo lilitia chumvi, kwani gome hutiwa tu katika kitu ambacho kingelevya bila hilo, lakini angalau lilitokana na matumizi ya watu. Baadaye ilionekana kwamba mmea wa Schumann na ule wa Sonder ni spishi moja. Hapo kanuni ya kipaumbele ikafanya kazi yake: kati ya majina mawili halali ya spishi moja, lililotangulia kuchapishwa ndilo linalobaki, na hesabu huanzia tarehe 1 Mei 1753, wakati wa kitabu cha Linnaeus, Species Plantarum. Mwaka 1850 ulitangulia. Inebrians likawa kisawe kisichotumika. Kanuni haikuuliza ni jina lipi linaeleza zaidi, wala lipi linatukana.

Mnamo Julai 2024, katika Kongamano la Kimataifa la Botania lililofanyika Madrid, wajumbe wa kikao cha majina walipiga kura 351 dhidi ya 205 kuyabadili majina yote yenye mzizi huo: caffra likawa affra, na mengine vivyo hivyo. Takriban majina 200 yaliguswa. Waliopinga waliogopa kwamba uthabiti wa majina ungetikisika. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, ila ni vigumu kuipa uzito mkubwa ikizingatiwa jinsi majina ya mimea yalivyokwisha kubadilika kwa sababu nyingine, kama itakavyoonekana. Lakini pia isidhaniwe kwamba marekebisho hayo yaliurudisha mti kwa wenyewe. Rauvolfia affra inasema tu kwamba mmea ni wa Afrika.

3.0 Karatasi za London na Berlin

Ukiyasoma kwa mpangilio wa miaka, majina ya mimea ya juu ya Kilimanjaro ni orodha ya misafara. Johannes Rebmann aliiona theluji mwaka 1848, lakini hakuwa mkusanyaji wa mimea. Karl Klaus von der Decken alipanda mwaka 1861 na tena 1862; jina lake limebaki katika Lobelia deckenii, ule mmea wa nguzo ndefu unaoonekana Shira. Mmisionari Charles New alifika kwenye theluji mwaka 1871, na mimea yake ilifanyiwa kazi na Joseph Hooker wa Kew. Yupo katika Helichrysum newii. Joseph Thomson yupo katika Kniphofia thomsonii, na Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889, katika Helichrysum meyeri-johannis, ambamo hata jina lake la kwanza limeingizwa. Waongozaji, wapagazi na wenyeji walioonyesha njia hawamo. Ni mazoea ya enzi hiyo, na sarufi ya Kilatini iliyahifadhi vizuri.

Kisa cha mmea mkubwa kuliko yote ya ukanda huo kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Harry Johnston alikusanya mimea mlimani mwaka 1884, na mwaka 1887 Daniel Oliver wa Kew alichapisha Senecio johnstonii. Mwaka 1922 Mildbraed akatoa Senecio kilimanjari. Mwaka 1973 Mabberley aliunganisha mengi ya majina ya kundi hili chini ya spishi chache. Mwaka 1978 Nordenstam aliitoa mimea hii mikubwa katika Senecio na kuipa jenasi yake, Dendrosenecio, na mwaka 1993 Knox akatenganisha tena yale yaliyounganishwa, hata Dendrosenecio kilimanjari ikasimama peke yake kando ya Dendrosenecio johnstonii. Mmea haukusogea hata hatua moja. Waliosogea ni wanaoamua tofauti kiasi gani inatosha kuitwa tofauti ya spishi, na hoja zao zinafanana mno na za wanaobishana iwapo Kisiha na Kimashami ni lugha mbili au moja.

Jambo la pili ni kielelezo cha msingi. Kila jina la spishi limefungwa kwenye sampuli moja iliyokaushwa na kuhifadhiwa katika hebaria. Ubishi ukitokea, sampuli hiyo ndiyo shahidi. Vielelezo vya mlima huu vilikwenda Kew na Berlin. Georg Volkens, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Marangu kwenye miaka ya 1890 na kuchapisha kitabu kikubwa juu ya Kilimanjaro mwaka 1897, alikusanya kwa ajili ya Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliiangukia hebaria ya Berlin na sehemu kubwa ikateketea. Majina mengi ya mimea ya Tanzania yalibaki bila shahidi, na wataalamu wa baadaye walilazimika kutafuta nakala zilizopelekwa kwingineko ili kuteua vielelezo vipya. Mimea yenyewe iliendelea kumea Marangu na Machame. Kisheria, hiyo haikutosha.

Tahajia nayo ina ushuhuda wake. Impatiens kilimanjari, ua la msituni lisilopatikana kwingine duniani, limechukua -o ya mwisho ya Kilimanjaro kana kwamba ni ya Kilatini na kuigeuza -i ya umilikishi, kazi ambayo Kiswahili huifanya kwa -a unganifu. Mjerumani Engler aliandika Protea kilimandscharica, kwa kuwa sauti /j/ kwa Kijerumani huandikwa dsch. Baadaye mmea huo ulihesabiwa kuwa nususpishi ya Protea caffra. Tangu Madrid jina lake kamili ni Protea affra subsp. kilimandscharica: tusi lililorekebishwa na tahajia ya kikoloni iliyoachwa, katika jina moja.

4.0 Migunga na kilima

Uwanda wa Sanya ni nchi ya migunga. Kwa muda mrefu mgunga ulikuwa Acacia, na kwa watu wengi bado ndivyo ulivyo. Jenasi hiyo ilipoonekana kuwa mkusanyiko wa makundi yasiyo na asili moja, ilibidi igawanywe, na swali likawa nani abaki na jina. Kwa kawaida lingebaki Afrika, kilikotoka kielelezo cha awali. Kongamano la Vienna la mwaka 2005 liliamua vinginevyo: jina lilipewa kundi lenye spishi takriban elfu moja za Australia, na Melbourne 2011 ikathibitisha. Miti ya Afrika ikagawanywa kati ya Vachellia na Senegalia. Uamuzi ulifuata wingi wa spishi, wala haukuwa ugunduzi wa kisayansi. Kiswahili kilikuwa na mgawanyo wake: kikwata, wenye miiba iliyopinda kama ndoano, haukuitwa mgunga, na leo umo katika Senegalia. Mlingano huo usikuzwe kupita kiasi, lakini unaonyesha kwamba wafugaji waliangalia miiba kabla wanabotania hawajaifanya kigezo.

Mbuyu ulileta kisa cha kinyume. Linnaeus aliuita Adansonia digitata mwaka 1759, kwa heshima ya Michel Adanson aliyeishi Senegal, ingawa Adanson mwenyewe alipendelea jina lililozoeleka mahali mti unapomea. Mwaka 2012 John Pettigrew na wenzake walichapisha spishi mpya ya Afrika yenye maua madogo zaidi na inayopendelea mwinuko wa kati ya mita 650 na 1,500, wakaiita Adansonia kilima. Neno la Kiswahili liliingia katika jina la kisayansi bila hata kuvalishwa mwisho wa Kilatini. Mwanaisimu ataona kwamba neno lililoteuliwa kudokeza mwinuko ndilo lile ambalo ki- yake ni ya kudunisha. Kilima ni mlima uliopunguzwa, kitendawili ambacho kimewahangaisha pia wanaochambua jina Kilimanjaro. Mwaka 2016 Cron na wenzake walichunguza upya miti hiyo, wakahitimisha kwamba hakuna spishi mbili. Adansonia kilima ikawa kisawe cha Adansonia digitata. Jina bado lipo, limehifadhiwa katika orodha ya visawe.

5.0 Kwa mtunga kamusi

P. J. Greenway wa Amani alichapisha kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937, na toleo la pili mwaka 1940. Ni kazi ya thamani kubwa, na mpangilio wake umewaongoza wengi: neno la Kiswahili upande huu, la Kilatini upande ule. Mpangilio huo unadokeza ulinganifu wa moja kwa moja ambao mara nyingi haupo. Mkoko ni Rhizophora mucronata, lakini mikoko kwa wingi ni msitu mzima wa majini, pamoja na mchu na mkandaa. Na mvule, ambao ulipitia Morus, kisha Chlorophora, na leo umo katika Milicia, umebaki mvule kinywani mwa fundi seremala muda wote huo.

Istilahi za Kiswahili za uainishaji zipo: Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990 iliweka msingi, na spishi na jenasi ni maneno ya kawaida shuleni. Kilatini hakilazimishwi tena katika maelezo ya spishi mpya tangu Januari 2012. Kilichokubaliwa badala yake ni Kiingereza peke yake. Flora ya Afrika Mashariki ya Tropiki, iliyoanza kuchapwa mwaka 1952 na kukamilika 2012 ikiwa na zaidi ya spishi 12,000, haikuandikwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo kamusi ndiyo mahali pekee ambapo wasomaji wengi wa Kiswahili watakutana na majina haya, na kidahizo hakina budi kubeba tarehe. Kwa mti ulioanzisha mjadala huu, chaweza kusomeka hivi:

msesewe nm mi- [u-/i-] mti wenye utomvu mweupe umeao kandokando ya mito na katika mashamba ya migomba, ambao gome lake hutiwa katika mbege: Rauvolfia affra (hadi Julai 2024 R. caffra, kisawe cha zamani R. inebrians). [Kch]